Mkurugenzi Juu ya Jiwe

Wa mwisho kushushwa alikuwa mwenye kampuni mwenyewe, na alishuka kama mtu anayekwenda kukagua gwaride: mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine bado ndani ya mtumbwi, mkono ukiagiza kamera.

"Mama Scola, nipige nikiangalia mbali," alisema Bwana Felisian. "Ziwa lionekane nyuma. Hii tutaiweka kwenye kipeperushi cha mwakani."

Justina, ambaye pale Kipili wote walimwita Mama Scola, alilaza kasia mapajani, akapokea kamera na kufunga jicho moja.

"Hilo jaketi linakuharibia shati, mkurugenzi."

Felisian alijitazama. Jaketi la kuokolea lilikuwa la rangi ya chungwa, nene, na lilimpandisha mashavu kama mtoto aliyevalishwa sweta la kaka yake. "Umeona mbali," alisema. Akalivua, akamrushia. Akabaki na shati la kitenge lililopigwa pasi, suruali ya kaki na raba nyeupe ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Justina akapiga picha. Akapiga na ya pili, maana kwenye ya kwanza mkurugenzi alikuwa amefumba macho. Kisha akaliweka jaketi chini ya miguu yake, akakita kasia kwenye ukingo wa jiwe na kusukuma. Mtumbwi ukarudi nyuma hatua tano, sita, kumi.

Hakuna ubaya hapo. Ndivyo ratiba ilivyosema.

Ratiba ilikuwa ya "Kasia na Kalamu", siku sita za kupiga kasia kando ya Ziwa Tanganyika, kulala kwenye mahema, kuchora, kuandika na, kwa maneno ya kipeperushi, "kurudiana na maumbile". Watu wa Kipili, ambao hawakuwahi kuachana na maumbile hata siku moja kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, waliwatazama wageni wale wakikumbatia miti na kunusa mawe, wakasema basi, mwaka huu wa tisini na tano kila kitu ruksa. Mradi wa samaki wa serikali ulikuwa umekufa na kuuzwa vipande vipande. Waliokuwa na akili walinunua vipande. Felisian, aliyekuwa bwana usafirishaji wa mradi, alinunua boti ya injini, ghala na neno "mkurugenzi".

Siku ya tano ya safari iliitwa Saa za Ukimya. Kila mgeni alishushwa kwenye ufuko wake, peke yake, na karatasi, penseli, chupa ya maji na ndizi mbili. Saa tatu bila kusema na mtu. Asubuhi ile Mwalimu Jane, aliyetoka Dar es Salaam kufundisha sanaa, alikuwa amewakusanya na kuwaambia kwa sauti yake ya upole: "Msiandike kinachopendeza. Andikeni kile ambacho mkono wenyewe unakataa kukiandika."

Mama mmoja Mdenishi, mchoraji, akauliza: "Na mkurugenzi? Yeye hakai?"

Kwa misimu miwili mkurugenzi alikuwa akifuata mitumbwi kwa boti ya injini, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli. Lakini wageni sita walimgeukia wote kwa pamoja, na mtu anayeuza ukimya hawezi kusema ukimya humletea usingizi. Akakubali. Akapanda mtumbwi wa Mama Scola kwa sababu ule wa Ngeleja ulikuwa umejaa. Ulikuwa umejaa kwa sababu Mama Scola ndiye aliyeujaza.

Ngeleja, mpiga kasia wa mtumbwi wa pili, alikuwa Msukuma aliyeshuka Rukwa na ng'ombe wa baba yake, akagombana na baba, akabaki na maji. Alimwangalia Justina akiwapanga watu kama magunia.

"Dada, unampeleka wapi mzee?"

"Kitanda."

Ngeleja aligeuka kutazama kusini. Kitanda ni jiwe bapa lenye upana wa kitanda cha futi nne, liko mguuni pa genge, na kulizunguka maji ni meusi, kina kinaanza papo hapo. Asubuhi ni pakavu, pana joto zuri. Mchana upepo wa kusini ukiamka, mawimbi hupanda juu yake.

"Saa saba Kitanda kinaoga," alisema Ngeleja.

"Najua."

"Kwetu mtu akikukosea analeta ng'ombe, mnakula, yanaisha."

"Mimi sina zizi," alisema Justina, akasukuma mtumbwi.

*

Sasa alikuwa mbali na jiwe kama urefu wa kamba ya kufungia ndama, akigusagusa maji kwa kasia ili mtumbwi usisogee. Felisian alikuwa ameketi, ameweka karatasi gotini, anatafuna ndizi ya kwanza.

"Mama Scola, wewe si unatakiwa uondoke? Ni saa za ukimya."

"Nitaondoka. Nilitaka kukuuliza kitu kimoja, kama hutajali."

"Uliza haraka."

"Mwaka themanini na sita, Machi, boti ya mradi ilizama hapo mbele ya Kipili. Unaikumbuka?"

Felisian alimeza ndizi. "Boti nyingi zilizama. Ziwa ni ziwa."

"Iliyokuwa inaendeshwa na Baltazari."

"Ah, yule. Mfipa wa Mpui. Alikuwa fundi mzuri, ila..." Alitikisa mkono karibu na mdomo, vidole vikiigiza kibuyu.

Justina alitabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, wageni walilipiga picha sana. Kwa miaka tisa alikuwa ameufikiria mkono ule, na haukuwahi kufikiriwa ukiwa umeshika ganda la ndizi.

Mambo aliyopanga kumfanyia Felisian yalikuwa mawili. Moja alilipeleka kwa padri kabla ya Pasaka, akalitubu, akapewa rozari tatu. La pili hakulitubu kwa sababu hakuwa amelijutia bado.

"Ripoti uliiandika wewe," alisema.

"Niliandika ripoti zote. Ndiyo ilikuwa kazi yangu."

"Nitakusomea." Hakuwa na karatasi yoyote. Aliitoa kifuani, neno kwa neno, kwa sauti ya kusomea matangazo kanisani. "Uchunguzi umebaini kuwa chombo kilikuwa katika hali nzuri. Ajali imesababishwa na mwendeshaji, ambaye alikuwa amelewa pombe ya ulezi iliyopikwa na mkewe."

Juu ya genge ndege mweupe aliruka, akazunguka, akarudi palepale. Felisian aliiweka ndizi chini.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mkewe."

*

Justina alizaliwa juu, kwenye uwanda, ambako ziwa ni kitu cha kusikia tu, kama habari za vita. Aliolewa Mpui, akalima ulezi, na alijua kuupika ulezi ule ukawa pombe ambayo wazee walitembea toka Laela kuja kuinywa. Mumewe alichukuliwa na mradi kwa sababu mikono yake ilielewana na mbao. Akawa anakaa Kipili, Justina na binti yao mdogo wakimfuata na kurudi, kulingana na msimu wa shamba.

Machi ile boti ya mradi ilikuwa mbovu hata mbuzi angeona. Baltazari alikuwa ameziba nyufa kwa pamba na lami, akaandika barua Sumbawanga kwamba hasafiri tena mpaka mbao za chini zibadilishwe. Ikaja barua nyingine kutoka Sumbawanga. Alimsomea mkewe, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda. Barua ile ilizama naye. Kilichobaki ni ripoti.

Na ripoti ilipanda mlima kabla ya maiti. Adriano, kaka mkubwa wa marehemu, aliusomea ukoo mzima uani, pale Mpui, na kila aliyesikia alihesabu siku vidoleni. Ilikuwa juma la tano la Kwaresima. Kwenye Ufipa nzima hakuna mwanamke aliyebatizwa anayepika pombe Kwaresima. Mitungi inafunikwa kifudifudi Jumatano ya Majivu, na mpaka Pasaka hata watoto wanaichezea kama ngoma. Ya Justina ilikuwa imefunikwa pia. Ila ilikuwa imefunikwa Kipili, mbali, na ukoo ulikuwa Mpui na karatasi yenye mhuri. Kwa hiyo hakuwa tu mke aliyemlewesha mumewe akafa. Alikuwa mke aliyepika pombe wakati Yesu yuko njiani kwenda msalabani.

Hawakumpiga. Wafipa ni watu wa heshima. Walimwachia nguo zake, wakambakiza Scola, aliyekuwa na miaka kumi, wakamwonyesha njia.

Alirudi Kipili kwa sababu ndiko njia ilikoishia. Akapakua dagaa, akatengeneza vichanja, akaomba kasia. Wavuvi walicheka: Mfipa wa juu, mwanamke, na kasia. Alianguka majini mara nyingi kiasi kwamba maji yalichoka kumshangaa. Alijifunza ziwa kwa hasira, na mtu anayejifunza kwa hasira hasahau jiwe hata moja. Pombe hakupika tena.

Mwezi uliopita ilikuwa imefika barua ya Adriano. Scola anaolewa Agosti. Mama anaruhusiwa kuja na kusimama na waalikwa. Mkekani, mahali pa mama, atakaa shangazi Cornelia.

*

"Mama Scola, sikiliza," alisema Felisian. Alikuwa amesimama. "Pole sana. Kweli kabisa. Laiti ungeniambia siku zote hizi. Twende sasa, tukazungumze vizuri, kwenye viti."

"Hapa pazuri. Pana utulivu. Si ndivyo ulivyoandika kwenye kipeperushi?"

"Lete mtumbwi."

"Andika kwanza."

"Niandike nini?"

"Ripoti. Karatasi unayo, penseli unayo. Na mwalimu umelipa nauli yake toka Dar ili akufundishe."

Wimbi la kwanza lenye akili lilifika likagusa ukingo wa jiwe, likarudi kwenda kuwaambia wenzake. Felisian aliliangalia. Alizaliwa Mwimbi, katikati ya mahindi. Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameendesha vyombo vya majini kutoka ofisini, na maji mengi aliyowahi kuingia mwenyewe yalikuwa ya beseni.

"Hii ni jinai," alisema. "Nitakupeleka polisi."

"Utanipeleka na nini? Mtumbwi ni huu."

Alikaa, akaandika upesi, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alikunja karatasi na kuirusha. Justina aliidaka, akaisoma polepole, midomo ikicheza; elimu yake ilikuwa ya darasa la saba na hakuiharakisha.

"'Kulitokea kutoelewana kuhusu chanzo cha ajali,'" alisoma. "Nani hawakuelewana?"

"Ni lugha tu."

"Mwalimu amesema usiandike kinachopendeza." Aliichana mara mbili na kuiweka chini ya makalio ili isichafue ziwa. "Andika nyingine. Zimebaki karatasi ngapi?"

"Saba."

"Tunazo za kutosha."

Upepo uliamka. Haukuja kwa kelele. Ulikuja kama mgeni anayejua nyumba, ukasukuma maji kutoka kusini, mkunjo baada ya mkunjo. Karatasi ya pili ilisema boti "haikuwa katika ubora uliotarajiwa". Aliichana. Ya tatu ilianza vizuri, ikataja mbao mbovu, halafu ikaingiza "maagizo kutoka ngazi za juu".

"Ngazi za juu ni nani?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mikono?"

Wimbi lilipanda juu ya Kitanda, likapita chini ya raba nyeupe, likashuka upande wa pili. Felisian aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, akawa kama kuku kwenye majivu ya moto. Justina aliona, na ilikuwa tamu. Isisemwe vinginevyo. Alikuwa ameila chumvi ya jambo hili miaka tisa, na sasa aliionja sukari yake, akaiacha ikae ulimini.

"Mama, nakuomba jaketi tu. Nipe jaketi nitaandika."

"Ukivaa jaketi unapendeza vibaya."

"Nina watoto."

"Mimi nina mmoja. Anaolewa Agosti."

Felisian alikaa chini kwenye maji. Alikaa kweli, suruali ya kaki ikabadilika rangi hadi kiunoni, na akaiinua karatasi juu ya kichwa isilowe. Alipoongea sauti yake ilikuwa imepungua ofisi.

"Nilimwandikia kwamba asiposafiri nitamfukuza kazi. Kulikuwa na mkutano Sumbawanga, wakubwa walitaka samaki wabichi wa karamu. Nilijua boti mbovu. Barua yake ilikuwa mezani kwangu."

"Andika."

Aliandika. Justina aliupeleka mtumbwi karibu kidogo, akapiga kasia nyuma.

"Na ile sentensi?"

"Ipi?"

"Unaijua."

Felisian alifuta maji usoni kwa mkono wenye penseli, akajichora mstari shavuni. "Ile sikuitunga mimi."

"Aliitunga nani?"

"Ilikuwa kwenye faili. Kulikuwa na ajali nyingine, mwaka themanini na mbili, Agosti. Mtu mwingine. Walitaka ripoti siku ileile, sikuwa na muda wa kushuka huku, nikachukua ya zamani nikanakili. Nilibadilisha tarehe, na jina la mwanamume."

Justina aliacha kupiga kasia.

"Na jina la mwanamke?"

"Halikuwepo. Iliandikwa 'mkewe' tu." Aliangalia pembeni. "Kwa hiyo sikuwa na cha kubadilisha."

Mtumbwi ulianza kugeuka wenyewe, ukampa Justina ubavu wa ziwa, kisha mgongo wa genge. Kwa miaka tisa alikuwa amemtengeneza adui mkubwa: mtu aliyekaa usiku na taa, akamwazia yeye Justina, akachagua kila neno limchome. Alikuwa amemheshimu mtu huyo, kwa namna fulani. Sasa aliambiwa hakuna aliyemwazia. Alivunjwa na sentensi ya mwanamke mwingine, kama anayevaa shati la mtumba na kukuta mfukoni tiketi ya safari asiyoijua.

Agosti. Bila shaka. Agosti ulezi umevunwa, kila jiko linafuka.

"Huyo wa Agosti," alisema, "aliitwa nani?"

"Sijui. Kweli sijui."

"Alikuwa mpika pombe?"

"Nadhani na yeye alinakiliwa."

Wimbi lilimpiga Felisian kifuani, akapiga magoti, akashika jiwe kwa mkono mmoja. Hapo ndipo Justina alipojua kwamba lile jambo la kwanza, lililotubiwa, bado lipo. Lilikuwa pale, karibu kabisa, halihitaji hata kuguswa. Angekaa tu. Kasia mapajani. Dakika chache za ukimya, kama ratiba ilivyosema.

"Andika hilo nalo," alisema. "Kwamba ulinakili. Na usiandike 'mkewe'. Ana jina."

"Justina?"

"Justina. Na hakupika pombe Kwaresima. Andika 'Kwaresima' kwa herufi kubwa, Adriano asije akairuka. Kisha sahihi yako ileile ya kwenye ripoti, yenye mkia."

Aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi imebandikwa kwenye genge kwa kiganja. Alipomaliza, Justina alisogeza mtumbwi. Alichukua karatasi kwanza, akaisoma yote. Kisha akamrushia jaketi. Kisha akampa mkono.

*

Saa tisa wageni walikuwa wamekusanyika ufukweni Kipili. Kazi zao zilitundikwa kwenye vichanja vya dagaa kwa vibanio vya nguo: michoro ya maji, mashairi mawili ya Urbano, mwalimu wa sekondari aliyetoka Sumbawanga mjini, na picha ya mama Mdenishi iliyokuwa ya bluu tupu. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walisogea kuangalia. Justina alikuwa kwenye mafiga, anakaanga migebuka ya wageni.

"Mkurugenzi," alisema Mwalimu Jane, "tunakusubiri wewe. Uliandika?"

Felisian alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, amejifunga taulo. Alifungua mdomo kusema hapana. Justina alifuta mikono, akatoa karatasi kwenye blauzi, akavuka mchanga na kumwekea mkononi.

"Aliiacha kwangu isilowe," aliwaeleza. "Ameandika sana. Wasomee, mkurugenzi."

Alisoma. Alianza kwa kugugumia, akitegemea upepo umfiche, lakini maneno yalikuwa mafupi na hayakuwa na pa kujificha. Barua ya Baltazari mezani. Karamu ya wakubwa. Faili la zamani. Alipofika kwenye Kwaresima, wanawake wa vichanja walikuwa wameacha kugeuza samaki. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe aliishusha karatasi.

Kisha wageni wakapiga makofi.

Walipiga kwa moyo. Mama Mdenishi alikuwa analia. Urbano alisema hakujua kama mkurugenzi ni mwandishi. Na Felisian, Mungu amsamehe, aliuona mlango ukifunguka: mabega yalipanda, tabasamu la kipeperushi likarudi, na akainamisha kichwa, kidogo tu, kama mtunzi.

"Nguvu yake ni ile lugha kavu ya ofisini," alisema Mwalimu Jane. "Inatisha. Ila nina swali moja la kiufundi, Felisian. Huyo mke. Hatumwoni. Hadithi nzima inamzunguka, lakini sisi wasomaji hatumwoni kabisa."

"Nipo hapa," alisema Justina.

Alisema bila kupaza sauti, mwiko wa kugeuzia samaki mkononi. Waligeuka. Makofi ya mwisho, ya mtu aliyekuwa bado hajaelewa, yalikufa yenyewe.

"Si hadithi. Baltazari alikuwa mume wangu, alizama pale, mnapaona mkisimama. Mitungi yangu ilikuwa imefunikwa. Huyu aliandika ripoti vile alivyowasomea, na mimi nikafukuzwa. Nina safari ya Mpui leo, kwa shemeji zangu, na watasema nimemlazimisha. Ni kweli nimemlazimisha. Kwa hiyo naomba kila aliyemsikia akisoma kwa mdomo wake mwenyewe, aandike jina chini."

 Felisian alikuwa anaangalia raba zake. Kisha Mwalimu Jane alichukua karatasi mkononi mwake. Hakumwomba. Aliiweka juu ya ubao wa kuchorea, akaandika jina lake, na shavu lake lilikuwa limewaka kama aliyepigwa. Penseli zilikuwa zimepotea kwenye mifuko, kwa hiyo Urbano alitumia mkaa, na akaongeza jina la shule yake ili waone ni mtu wa serikali. Mama Mdenishi alitumia brashi. Wanawake wawili wa vichanja wakasema wao pia wamesikia, wakaandika polepole, magamba ya dagaa yakibaki kwenye karatasi. Ngeleja alikuja mwisho. Hakuwahi kuingia darasani. Alichovya dole gumba kwenye rangi ya bluu, ile iliyobaki ya picha ya ziwa, akalikandamiza kwa uzito wake wote, kama anayepiga chapa ndama.

"Na mimi ni shahidi wa ng'ombe," alisema. Justina alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Lori la dagaa lilikuwa linapiga honi barabarani. Huondoka saa kumi na moja kwenda Namanyere na Sumbawanga. Huko angetafuta la kumfikisha Mpui. Alimpa Ngeleja mwiko. "Samaki usiwaunguze."

Felisian alimfuata hatua chache, taulo likiburuza mchangani.

"Mama Scola."

"Justina."

"Justina. Basi tumemalizana?"

Alimwangalia mtu yule mdogo, aliyelowa, mwenye mstari wa penseli shavuni, na akatafuta ndani yake ile sukari ya mchana. Ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine kinachouma, kilichofanana na mwanamke wa mwezi wa Agosti.

"Katafute lile faili," alisema. "Nikirudi nataka jina lake."

Utingo alimvuta juu ya magunia. Karatasi ilikuwa bado mbichi, rangi haijashika, na ingekunjwa majina yangelana. Kwa hiyo hakuikunja. Lori lilipoanza kupanda mlima wa uwanda, ziwa likishuka nyuma yao kipande kwa kipande, Justina alikuwa ameketi juu ya dagaa, miguu ameitanua ili asianguke, karatasi ameishika mbele yake kwa mikono miwili, wazi, ikipigwa na upepo. Kwenye kona ya kwanza aligusa dole gumba la bluu kwa ncha ya kidole, kuona kama limekauka. Halikuwa limekauka.